Kuingia Kwenye Kimya

...moja, mbili, tatu, na bonyeza, si kazi ngumu, mpimaji wa masikio ana mwendo wake kama mpiga ngoma yeyote, mlio, kimya, mlio, kimya, na mtu aliyeongoza bendi ya tarumbeta ujana na uzee wake hawezi kukosa kujua pigo linaangukia wapi, bonyeza, taa ya kijani inawaka upande wake wa kioo, safi, na nyuma yake binti yangu, mkoba mapajani, ananikodolea macho kama anavyomkodolea mwanawe akimeza dawa, ndiye aliyenileta, sikio la kufa halisikii dawa, Baba, alisema asubuhi akinipigia pasi shati, nikamjibu langu halifi, ni nyinyi mnaoongea kama mna pamba mdomoni... bonyeza... huo sikuusikia vizuri lakini lazima ulikuwepo, ilikuwa zamu yake, nikionekana kiziwi hapa fimbo ya kuongozea anapewa mpiga tarumbeta wa kwanza, na yule hajui hata kunyamazisha ngoma... hedifoni zinabana, kuta zote sponji, nasikia damu yangu mwenyewe ikivuma chini kama besi, na kile kisanduku chake cha kijivu mezani, anakiita ala, nikamwambia ala ni ile inayoimba, akacheka, hii haiimbi, mzee, hii inauliza tu, wewe bonyeza ukisikia, hata kwa mbali... inauliza, haya, mimi kazi yangu ni kugawa, wimbo ni mmoja lakini nani auseme, huzuni nawapa zumari, majigambo tarumbeta, na juu kabisa filimbi, ila mwaka huu filimbi zimelegea, nikaongeza ya pili, nikaongeza ya tatu, bado hazitoshi, mpaka yule bonge wa besi akasema, Mkuu, tukiongeza nyingine ndege watahamia humu, wakacheka, nami nikacheka... bonyeza... mbona binti wa filimbi ya kwanza hakucheka, mbona alikuwa anaangalia viatu vyake, na wale wanaokaa mbele yake siku hizi wanasogeza viti, nilidhani wanakimbia jua la dirishani... bonyeza... na mjukuu wangu juzi, alinipanda mapajani, akanikinga sikio kwa kiganja, akaninong'oneza kitu, nilichopata ni joto la pumzi yake tu, lakini hesabu naijua, mtoto akimaliza siri babu hucheka, nikacheka, akanitazama, akateremka, na tangu hapo nikimwita anakuja mpaka mlangoni tu, mama yake anasema kanuna, nimemwambia sijui sababu, na kweli sijui, ndilo linaloniuma... bonyeza...

Hapana. Mpimaji amevua miwani, anaifuta kwa ncha ya koti, mikono yote miwili iko kwenye miwani, kisanduku hakijaguswa, na taa ya kijani imewaka. Binti yangu ameiona, mdomo wake unasema kitu, sijui nini, mpimaji anatikisa kichwa polepole, wala hanikaripii, ningependa anikaripie. Nimeingia kwenye kimya, mimi, niliyesimamisha bendi nzima kwa ajili ya kosa hilo, huyu anahesabu, hasikilizi, nikasema mbele ya watu, mpiga zumari mtu mzima akalowa jasho, na sasa kisanduku hakikunicheka, hakikunistahi, kiliwasha taa tu, filimbi zangu ziliniambia hivyohivyo mwaka mzima, nikazijibu kwa kuziongeza... naogopa, nasema kweli, naogopa kama mtoto... anavaa miwani, mkono unarudi kwenye kisanduku, moja, mbili, tatu, zamu imefika, najua imefika, hakuna kitu, tulia kidole, iache ipite, nyingine, hakuna, iache nayo, binti yangu anainama mbele na sibonyezi, ngoja wapime kilichopo, filimbi ya tatu nitaitoa, ya pili nitaitoa, fimbo watajua wenyewe, na yule mdogo nitamfuata mlangoni, nitachutama, nitamgeuzia uso, siyo sikio, nimwone midomo, nimwambie sema tena mjukuu wangu, babu alicheka tu, hakusikia.