Swali la Kiende kwa Mheshimiwa

Kiende alikuwa mwalimu wa historia karibu na Nkubu, na upande ule hakuna aliyempigia debe mbunge wao, Mheshimiwa Muthamia, kumshinda yeye. Alimwamini tangu miaka ya tisini, Muthamia akiwa wakili kijana, alipopigwa rungu na kutiwa ndani kwa kudai vyama vingi. Kwenye kampeni Muthamia aliapa sokoni: "Hakuna mtoto wa mkulima atakayepelekwa vitani kabla Bunge halijauliza kwa nini!" Kiende alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Jeshi lilipovuka mpaka kuingia Somalia, mumewe, Koplo Kathuri, alikuwa miongoni mwa waliotangulia. Watu wakagawanyika. Baba mkwe wake, Mzee Mbae, alisema magaidi wafuatwe hukohuko kwao. Kiende aliuliza wanajeshi watarudi lini, na kwa swali hilo tu mwalimu mwenzake akaacha kumsalimia.

Akampigia Mheshimiwa simu.

"Mwalimu, hata mimi nina wasiwasi," alimjibu kwa sauti ya chini. "Lakini nikisema sasa nitaitwa msaliti. Tuvumilie kidogo."

Wiki hiyohiyo alisikika redioni akisema kwamba wanaouliza maswali wanamfaidisha adui. Kiende alizima redio, akatoka kwenda kupalilia kahawa, na jembe lilikuwa likitua kwa hasira.

Kathuri aliletwa nyumbani ndani ya jeneza lililofunikwa bendera.

Siku ya mazishi, Mheshimiwa aliingia padre akimalizia mahubiri, madiwani wakimfuata nyuma. Mwongozaji wa shughuli alikimbia kumpa kipaza sauti. Kiende akainuka, akakichukua yeye.

"Karibu kwetu, Mheshimiwa. Chakula kipo, utakula kama wageni wengine. Lakini kabla hujatuhubiria ushujaa wa mume wangu, nijibu. Ulituahidi Bunge litauliza. Wewe uliuliza?"

"Pole sana, mwalimu. Leo ni siku ya kuomboleza. Tuache siasa."

"Siasa umekuja nayo wewe. Mimi nimekuja na mume wangu."

Diwani mmoja akapaza sauti, "Huyo mama atolewe!"

Mzee Mbae akasimama kwa mkongojo. Kiende akajua sasa ataaibishwa mbele ya watu.

"Mimi naunga mkono hii vita," mzee alisema, "na hata kesho nitaiunga mkono. Lakini nani atamtoa mke wa mwanangu kwenye boma lake? Ameuliza. Ajibiwe."

Mheshimiwa alitazama viatu vyake.

"Nitajibu mahali panapofaa," akasema, akaketi. Aliondoka udongo ukiwa bado unarudishwa kaburini.

Uchaguzi ulipokaribia, wapambe wake walimjia Kiende nyumbani. Walimkumbusha kifungo cha Mheshimiwa na shule alizozitetea.

"Yule mpinzani wake ni hatari zaidi, mwalimu. Yeye angetaka watumwe vijana mara mbili ya hao. Kwani unataka huyo ndiye atuongoze?"

"Simtaki," Kiende alijibu. "Lakini hamtanitisha kwa yule ili nimsamehe huyu. Kifungo chake nilikililia. Mwambieni hata hilo silisahau, na ndiyo maana namuuliza yeye."

Mkutano mkubwa wa kampeni ulifanyika mjini Makutano. Kiende alikwenda na Igoki, mjane kutoka Manyatta, Embu, ambaye mumewe alikufa katika vita hivyohivyo. Wakasimama mbele ya jukwaa. Mheshimiwa alipoanza tu kuzungumzia haki, Kiende akapaza sauti: "Uliuliza?"

Vijana wa ulinzi walimsukuma, akaanguka, sketi ikachanika gotini. Igoki akamshika mkono. Aliinuka, akauliza tena, na safari hii sauti za akina mama wa sokoni zikamwitikia. Mheshimiwa aliharakisha kumaliza.

Alishinda, kwa kura chache. Siku ofisi yake ilipofunguliwa baada ya kuapishwa, askari wa zamu aliwakuta Kiende na Igoki wameshasimama mlangoni.

"Mna miadi?" akawauliza.

"Tunayo," Kiende akasema. "Alituahidi sokoni."