Chai ya Vuguvugu

Ganzi waliyompulizia Hojaguli kooni hospitalini ingeisha baada ya saa moja. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na daktari. Siku ya kumi ilikuwa imefika, na mzee wa watu bado hakuwa akisikia ladha, wala hofu.

Na hakuwa mgonjwa. Mkate alimeza, nyama alimeza. Aliitwa tu kwa sababu kaka yake, Bairam, alikufa kwa saratani ya umio, na hospitali ilikuwa ikiwapima ndugu wa marehemu. Wakamshushia kooni mpira wenye kamera, wakanyunyiza ayodini, dawa inayotia rangi nyama nzima tu. Umio wote ukageuka kahawia, isipokuwa doa moja, ukubwa wa punje ya dengu, lililokataa rangi. Daktari akanyofoa kipande hapo, akakipeleka maabara.

Leo binti yake, Jeren, ndiye aliyekwenda mjini kufuata majibu.

"Safi, baba," alisema akivua viatu. "Huna kitu."

"Si nilikwambia? Koo hili ni la trekta!"

Mkewe, Ogulnabat, akamletea birika. Kwao kila mtu ana birika lake, na chai hunywewa ikiunguza. Waliopuliza chai Hojaguli aliwacheka mbele za watu, akawaambia warudi kwa mama zao wakanyonye. Akamimina kwenye kibakuli, akapiga funda.

Vuguvugu.

Miaka thelathini na sita ya ndoa, mwanamke huyu hakuwahi kumpa chai ya namna hiyo, hata siku aliyomrushia kiatu.

"Mama Jeren, gesi imeisha?"

"Kunywa, mzee."

"Nimeuliza gesi."

Ogulnabat akageukia ukutani. Jeren akaanza kulia, maneno yakamtoka yote. Maabara imeona saratani, lakini ni changa, iko juu juu tu. Daktari ataibandua kwa mpira uleule, bila kupasua kifua, na mtu anapona. Anataka sahihi ya mgonjwa kwenye karatasi kabla ya Jumamosi.

"Nilimpigia mama simu, akakataza usiambiwe."

"Ikiguswa na kisu inakimbia mwili mzima," alisema Ogulnabat. "Bora ale, acheke, siku zake zipite."

Hojaguli alingoja moyo umlipuke. Haukulipuka. Alichokumbuka ni Bairam. Ni yeye, Hojaguli, aliyemwambia kaka yake maneno yaleyale, "Safi, huna kitu," na ni yeye aliyeagiza chai ya mgonjwa ipozwe, isimuunguze koo. Bairam aliinywa hadi tone la mwisho, akamtazama usoni, akasema ni tamu. Hojaguli akatoka nje akijipongeza kwamba uongo umeshika.

Kumbe kaka yake alijua. Miezi mitano alijua, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Akakiweka kibakuli chini.

"Mimi sisemi tamu," alisema. "Jeren, hiyo karatasi iko wapi?"