Mafuta ya Kondoo

Katika nyumba ya Wangechi pale Ruring'u, kitanda kilikuwa kimeinamishwa makusudi. Aliomba matofali kwa jirani aliyekuwa akijenga, akayaweka chini ya miguu ya upande wa kichwani, na tangu hapo yeye na mumewe wakawa wanalala wakiteleza kuelekea mlangoni. Asubuhi waliamka miguu ikining'inia nje ya blanketi. Wangechi hakulalamika. Kama kuteleza kungemponya Moffat, angeteleza mpaka azeeke.

Moffat alikuwa na kiungulia. Yeye mwenyewe hakukiita hivyo. "Moyo inachoma," ndivyo alivyosema, akijigonga kifua kwa ngumi, na mara ya kwanza Wangechi alimkimbiza hospitali akiamini ni moyo kweli. Daktari alipima, akatabasamu. Moyo haukuwa na neno. Ni tumbo lililokuwa likirusha uchungu wake juu. Wakamteremshia kamera kooni, na hapo daktari akaacha kutabasamu. Koo limeanza kuchubuka, alisema. Likiachwa hivyo miaka nenda miaka rudi, linaweza kugeuka kitu kibaya.

Wangechi alikijua hicho kitu kibaya. Ndicho kilichomuua baba mkwe wake. Alipoolewa alimkuta mzee hawezi kumeza hata uji, na alipokufa jeneza lake lilikuwa jepesi hata waliolibeba wakatazamana. Siku ile alitoka hospitalini akiwa amekata shauri: huyu wangu hatakufa hivyo, si mimi nikiwa na sufuria na jiko.

Nyanya zikafukuzwa jikoni. Pilipili ikafuata. Viazi vikachemshwa badala ya kukaangwa, mboga zikapikwa kwa maji na chumvi kiduchu, kuku akavuliwa ngozi. Hata chai ya maziwa ya jioni, ambayo mtu wa Nyeri akinyimwa huona amedhulumiwa, ikaondolewa mezani. Walikula mapema, kabla ya taarifa ya habari, sahani ndogo, na baada ya hapo Moffat hakuruhusiwa hata kuegemea kochi. Alikaa wima mbele ya televisheni kama mtoto anayepigwa picha ya pasipoti.

"Hii ni chakula ya mgonjwa, Mama Shiro," alinung'unika. Shiro alikuwa binti yao, aliyepewa jina la nyanyake na sasa yuko chuoni Embu.

"Na wewe ni nani? Kula."

Alikula. Ila hakupona. Akijilaza tu, uchungu unapanda, anaketi, anajigonga kifua. Wangechi alijilaumu. Labda ni ndizi, labda ni maharagwe, labda hakuyaloweka vya kutosha. Akapunguza hiki, akaondoa kile, mpaka chakula chake kikawa hakina ladha yoyote, na bado mumewe akaendelea kuungua.

Kisha jioni moja akatundika jaketi la Moffat, akanusa vitunguu vya kukaanga.

Moffat aliuza vipuri vya pikipiki katika soko la Chaka, na vipuri havinuki vitunguu. Wangechi akanusa tena. Chini ya vitunguu kulikuwa na mafuta, mafuta mazito hasa. Akaelewa, au akadhani ameelewa. Kuna mwanamke anampikia. Alilia bafuni huku amefungua bomba asisikike, na kilichomuuma zaidi si kwamba mwanamke yuko. Ni kwamba huyo mwanamke anamuua mumewe kwa mafuta, na yeye huku analala akiteleza!

Siku iliyofuata aliacha sweta za shule alizokuwa akifuma zikining'inia kwenye mashine, akapanda gari la Chaka. Alikuta duka limefungwa mapema. Akauliza, na mwenye duka la jirani akanyoosha kidole barabarani bila hata kufikiri: "Huyo huenda huko juu kila siku."

Huko juu Wangechi alikujua. Kulikuwa kwa mama mkwe wake, ambaye wote walimwita Cucu, yaani nyanya. Na kweli, pikipiki ya Moffat ilikuwa imeegemezwa kwenye ua wa Cucu, na moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Wangechi alikuja hapa kila Jumapili na sukari na unga. Alijua kwamba kichwa cha Cucu kimechoka, kwamba anauliza jambo lile lile tena na tena, na kwamba Gaceri, jirani mwema, humwangalia mchana. Hakujua zaidi ya hapo. Akasimama mlangoni, hawakumwona.

Cucu alikuwa amechuchumaa mekoni. Mukimo wa viazi na mahindi ulikuwa tayari umepondwa, nao alikuwa anaukaanga upya kwa mafuta ya kondoo, yale aliyoyayeyusha mwenyewe na kuyahifadhi kwenye mkebe, pamoja na vitunguu alivyovisahau motoni mpaka vikawa vyeusi. Akajaza sahani mpaka ikafurika.

"Kula, Wamae. Nilikuwekea."

"Asante, mami," akajibu Moffat.

"Na unisamehe ile siku."

"Iliisha, mami."

"Ongeza kidogo. Usiende na njaa."

Wangechi akashika mlango. Wamae alikuwa ndugu mkubwa wa Moffat. Zamani, kabla Wangechi hajaolewa, alirudi nyumbani amelewa, akadai chakula, na mama akamjibu kwamba hapa hawapikiwi walevi. Wamae akageuka akisema anaenda Mwea kwa rafiki yake, huko wali hata walevi wanapewa. Lori likamgonga kabla hajafika Karatina. Tangu hapo Cucu hakuwahi kula bila kuweka kando sahani ya mtu asiyekuwepo. Na sasa kichwa chake kilipochoka, mtu huyo alikuwa amerudi. Alikuja kila jioni kwa pikipiki.

Wangechi akaondoka kimya. Alipofika Ruring'u hakupika.

"Umekuwa ukila mara mbili," alimwambia mumewe alipoingia. Hakukuwa na haja ya kumwambia alikotoka.

Moffat akakaa. "Ningefanya nini? Siku ya kwanza nilimwambia mimi ni Moffat. Alilia mpaka akatapika, ati nimekuja kumwambia Wamae amekufa. Kwake ilikuwa habari mpya. Niambie wewe, nimuue Wamae kila siku?"

"Basi mwache awe hai. Lakini sema umeshiba. Ni neno moja tu, Baba Shiro! Umesahau mzee wako alivyoondoka? Unataka nikubebe hivyo?"

Hapo alianza kulia, na Moffat hakuwahi kuvumilia machozi yake. Akaahidi.

Na akatimiza. Jioni alipita kwa mama, akakaa naye kidogo, akasema, "Nimeshiba, mami." Akaja nyumbani akala nduma na kabichi, akalala, na akalala kweli. Kifua kikatulia. Wangechi alisikiza pumzi zake gizani, akamshukuru Mungu. Kanisani Jumapili alitoa ushuhuda, akawaeleza akina mama habari za matofali na kula mapema, nao wakapiga makofi. Alikuwa na furaha. Alifurahi kama mtu aliyeshinda.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake, ukungu ukishuka kutoka mlimani na manyunyu yasiyokatika. Gaceri akapiga simu asubuhi. Cucu hakuwa kitandani. Walimkuta kando ya lami, amelowa mpaka mifupani, uso ameuelekeza upande wa Karatina, mikononi ameshika sahani iliyofunikwa kwa nyingine.

"Ameenda bila kula," aliwaambia waliomwinua. "Ni mimi nilimkataza. Anasema ameshiba lakini najua amekasirika."

Mapafu yakashikwa na baridi. Hospitalini Moffat aliketi kando ya kitanda akiita, "Mami, ni mimi Wamae, niko na njaa," lakini Cucu alikuwa ameshafika mahali ambapo hakuna anayejibu. Walimzika karibu na ua, pembeni ya mumewe na Wamae.

Wakati wote wa matanga, katika zile sahani za pilau na nyama, Moffat hakula ila alichowekewa na mkewe. Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomtesa Wangechi, kwamba hakumlaumu. Alisubiri neno, hata moja la ukali, lipite. Halikuja. Waliporudi kliniki daktari alitazama koo, akafurahi: linapona vizuri, waendelee hivyo hivyo. Moffat akasema asante. Nje alisimama kwenye ngazi akajigonga kifua, tabia tu.

"Inachoma?" Wangechi akauliza kwa hofu.

"Haichomi."

Alivyolitamka neno hilo, ungedhani anataja kitu kilichoibwa.

Jumamosi iliyofuata walienda Chaka kufunga nyumba ya Cucu. Wangechi alikuwa akifagia jiko alipouona ule mkebe kwenye rafu, nusu yake bado imejaa. Aliushika kwa muda. Alifikiria kuutupa; adui yake ulikuwa huu, na sasa ulikuwa mkononi mwake. Kisha akatazama nje, akamwona mumewe ameketi juu ya kigoda cha mama yake, mikono katikati ya magoti, hana la kufanya. Ilikuwa saa yake ya kuja kula.

Wangechi akawasha moto. Viazi vilikuwepo shambani, na mahindi mabichi, na majani ya malenge. Alichemsha, akaponda. Akatia mafuta ya kondoo, akatia vitunguu, na vilipoanza kubadilika rangi, mkono wake uliotaka kuviondoa akauzuia. Aliviacha viungue. Machozi yalimtoka, akajiambia ni moshi, kisha akaacha kujidanganya.

Akajaza sahani, akaitoa nje. Moffat akaitazama, akamtazama yeye.

"Nilikuwekea," Wangechi akasema.

Moffat alikula yote bila kuinua uso. Akanyoosha sahani, naye akamwongezea. Alipomaliza waliketi pale wawili, ukungu ukiingia uani. Baada ya muda mkono wa Moffat ukapanda taratibu mpaka kifuani, ukatua hapo.

"Inachoma?"

Akaitika kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Wangechi akainuka haraka kumtafutia maji ya uvuguvugu, lakini Moffat akamshika kifundo cha mkono.

"Kaa chini," alisema. "Wacha ichome kidogo."