Injini Ikiwa Baridi

Paa la pikapu lilikuwa bado limelowa umande, lakini boneti ilikuwa kavu. Niliiwekea kiganja. Ilikuwa na joto la kutosha kuniambia kwamba injini ile ilikuwa imewashwa asubuhi hiyo hiyo, kabla sijafika.

Nilichoka pale pale. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na mgongo uliniuma kwa wiki nzima ya kulala chini ya magari ya watu. Nilikuja kwa sababu aliyeniomba ni dada yangu. Mumewe alikuwa amepunguzwa kiwandani, na kiinua mgongo chake chote ndicho kilichotaka kuishia kwenye dizeli hii kuukuu, ili awe anawabebea mizigo wenye maduka. Ikiwafia mikononi, watabaki kuangaliana.

“Umeiwasha,” nilimwambia muuzaji, bwana mnene aliyetoka na kandambili. “Dizeli inakaguliwa ikiwa baridi. Ikishapata moto, kila ajuza anajifanya mwari.”

“Fundi, usinionee bure,” alisema. “Shemeji yako huyo. Alfajiri kanigongea mlango, kaomba aiwashe mwenyewe. Mimi nikadhani ndivyo mlivyokubaliana.”

Mimi na dada, niliyefika naye, tulimgeukia. Shemeji, ambaye tulimkuta ameshafika, alikuwa anafuta kioo cha pembeni kwa mkono wa shati. Aliendelea kufuta.

Dada yangu hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga.

“Si ulijua kaka anakuja kuikagua?”

“Nilijua.”

“Sasa?”

“Nilitaka aikute iko vizuri.”

Nilikasirika, sitaki kuficha. Wauzaji wanaowazuga wanunuzi nimewaona mpaka nimewazoea. Ila mnunuzi anayeamka gizani kumsaidia muuzaji amuuzie yeye mwenyewe mbuzi kwenye gunia, huyo alikuwa wangu wa kwanza. Nikasema tutasubiri ipoe, hata ikitukuta adhuhuri.

Tukasubiri. Muuzaji alituletea chai, akarudi ndani kulala. Niliingia uvunguni, nikagongagonga fremu kwa bisibisi. Rangi mpya ikabanduka, na chini yake kutu ikamwagika kama unga. Nilipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili iliyokishika ilikuwa nzito kupita kawaida, ile inayotiwa injini mgonjwa ili isikohoe moshi mbele ya wageni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Dada alikaa juu ya tairi bovu, amejiinamia, viatu vya kazini miguuni, maana alitoka zamu bila kupitia nyumbani.

Shemeji akaja kuchuchumaa karibu yangu.

“Shemeji, wewe hujui kukaa nyumbani,” alisema kwa sauti ya chini. “Asubuhi mke anatoka, watoto wanatoka. Mimi nashika ufagio, nafagia pale pale alipofagia yeye. Jirani akipita ananiuliza, ‘Leo huendi kazini?’ Kila siku ananiuliza, na anajua.”

“Ungeniambia.”

“Nikuambie nini? Uniajiri kukushikia tochi?”

 Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ilinichosha kuliko hasira.

Boneti ilipopoa kabisa, nilimwambia akae kwenye usukani aiwashe mwenyewe. Starta ililia muda mrefu, ikanyamaza, ikalia tena. Mara ya tatu injini ilishika kwa kishindo, ikatetemeka mwili mzima, na moshi ukatanda mpaka ukutani. Nikafungua kifuniko cha oili. Moshi ukawa unapumua pale juu kwa mapigo, pu, pu, pu. Nilikirudisha kifuniko juu ya tundu bila kukikaza, kikaanza kurukaruka, kisha kikadondoka.

“Maana yake nini?” dada aliuliza.

“Pistoni zimekwisha. Nguvu inavujia ndani. Mkiinunua leo, muda si mrefu mtaifungua injini yote.”

“Haitengenezeki?”

“Inatengenezeka. Lakini mtakuwa mmeinunua mara mbili.”

Dirisha lilikuwa wazi, na shemeji alisikia kila neno.  Nilimwashiria azime, akatazama mbele kana kwamba hanioni. Akarekebisha kioo cha ndani, akavuta kiti mbele kidogo, akafunga mkanda.

Niliingiza mkono dirishani niufikie ufunguo. Dada akanishika.

“Mwache,” alisema. “Mwache kidogo, kaka.”

Tukarudi nyuma, tukasimama kwenye moshi ule, tukimtazama anavyokanyaga klachi, anaingiza gia ya kwanza, anaitoa, anaiingiza tena.