Misonobari ya Khadra

Mimi si mjinga. Naanza na hilo kwa sababu jirani yangu Arbia ameshatangaza mtaa mzima kwamba mimi, Ebla, nimechoma msitu ndani ya chupa. Hakuna kilichoungua! Nilifukiza tu.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Binti yangu Khadra alikuja nyumbani Garissa kutoka nyanda za juu, alikokuwa kibarua kwenye maabara ya miti. Alibeba katoni yenye chupa ishirini na nne za kioo. Ndani ya kila chupa mlikuwa na msonobari mdogo kama kidole, umesimama kwenye kitu cheupe kinachotetemeka, kama mafuta ya kondoo yaliyoganda.

"Udongo uko wapi?" nikamuuliza.

"Hauhitaji udongo, hooyo, mama yangu. Hicho cheupe ndicho chakula chake. Kina sukari."

"Na mbegu?"

"Hakuna mbegu. Tulikata vipande vya mti mmoja mzuri, tukavikuza. Yote hii ni mti uleule."

Ishirini na nne, halafu mmoja! Nikahesabu tena. Mbuzi nawajua, ngamia nawajua, lakini mtoto asiye na baba, subhanallah, huyo sijamwona.

Nilichoelewa ni hiki: wakubwa wake walitaka kujua kama miche ile itastahimili safari na joto letu. Akiirudisha hai, anaandikwa kazi ya kudumu huko kwenye baridi. Ikifa, kibarua kimekwisha. Nami, nisiseme uongo, sikupenda aende. Nina binti mmoja tu. Lakini pia nilimwombea aipate hiyo kazi. Niliomba yote mawili katika dua moja, sijui Mungu alinielewaje.

Jumatatu ikaja habari kwamba shangazi yake amefariki Hadado. Khadra akadandia lori kwenda kwenye tanzia.

"Hooyo, usizifungue," akaniambia mlangoni. "Hata moja. Zitazame tu."

Nikazitazama. Jumatano asubuhi chupa mbili zilikuwa zimeota manyoya meupe. Ukungu! Sasa hapo mtu afanye nini? Mwanamke yeyote aliyekamua ngamia anajua kwamba chombo cha maziwa lazima kifukizwe kwa moshi kabla ya kutiwa kitu, la sivyo kinaoza na kuambukiza vingine. Nani alifukiza chupa hizi? Nilinusa katoni nzima, hata harufu ya moshi hamna. Wasomi wazima wanatia sukari kwenye chombo kibichi! Nilikasirika kwa niaba ya mwanangu. Ni kweli alinikataza, lakini alinikataza kabla ya ukungu. Angekuwepo si angefanya hivyohivyo? Au asingefanya? Nilizunguka chumba mpaka nikachoka.

Basi nikawasha moto. Nilitoa kila mche kwa kijiko pamoja na chakula chake, nikaingiza kijiti kinachofuka ndani ya chupa, nikakitikisa kama mama alivyonifundisha, nikarudisha mche, nikafunga kwa bismillahi. Chupa zote, bila kubagua. Nyumba ikanukia vizuri.

Ijumaa zikaanza kuota manyoya, moja baada ya nyingine. Jumamosi, Khadra aliporudi, zilikuwa zimeota zote.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alichuchumaa mbele ya katoni, mtandio bado una vumbi la safari.

"Ulifungua zote?"

"Zote. Nilizifukiza sawasawa."

"Zilikuwa zimechemshwa, hooyo. Chupa, chakula, hata visu tulivyokatia. Mbili ndizo zilizoharibika. Nyingine zilikuwa salama kwa sababu zilikuwa zimefungwa, ukungu haukuwa na pa kuingilia."

Kwa hiyo nilizosafisha ndizo nilizochafua? Nilimwambia anieleze tena, akanieleza, na bado sikuelewa vipi moshi uharibu kitu.

Akachukua karatasi, akaandika barua kwa mkubwa wake. Mimi sijui kusoma, nikamwomba anisomee.

"Nilizifungua mimi mwenyewe kwa makosa," akasoma.

"Naa, Khadra! Si wewe! Waandikie ni mama yako."

"Watauliza kwa nini nilikuachia."

Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Kisha akaniangalia, bila hasira hata kidogo, kama mtu anayeuliza njia.

"Hooyo, ulitaka nisiende?"

Nilifungua mdomo niape kwamba hapana. Kiapo hakikutoka.