Siivi na Bakuli la Bi Nyamizi

Usiku wa jana niliota bakuli la jirani limenijia juu. Limeshuka lenyewe kutoka juu ya kabati, limejifunga kanga, limesimama mlangoni mwa chumba changu linabisha hodi. Nikasema karibu. Ungesema nini? Bakuli likibisha kwa adabu huwezi kuliacha nje.

Bakuli lenyewe nalijua, na kisa chake nikieleze mapema nisije nikaonekana mwehu. Ni la Bi Nyamizi, jirani yangu hapa Handeni. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua, kwa hiyo tu watani tangu enzi za mababu: ana ruhusa ya kunitukana mbele ya wageni, nami sina ruhusa ya kununa. Msimu uliopita aliniletea michembe, vile viazi vikavu vya kwao, vimepikwa kwa karanga. Nilikula nikalamba vidole. Na bakuli la jirani halirudi tupu, hilo hata mtoto anajua. Naye hakuficha alichotaka lirudi nacho. Alitaka mbegu za Siivi.

Siivi ni nyanya yangu. Aliniachia marehemu mama, na ndiye aliyeipa jina hilo, kwa sababu inaiva ikiwa kijani vilevile. Wekundu haipati ng'o. Sokoni watu wanaipita wakidhani mbichi, wezi hawaigusi, na ndani ni tamu mpaka unafumba macho. Mtaa mzima ninayo mimi peke yangu, na sitaki kudanganya, raha yake ilikuwa hapo hapo. Basi bakuli nikaliweka juu ya kabati, kifudifudi, nikajifanya nimesahau. Mke wangu Zuhura akaniita mkono wa birika, nikajifanya sikusikia.

Mwaka huu mnyauko ukapita bustanini. Miche yote ililala chini isipokuwa mmoja, ule wa nyuma ya jiko, na huo mmoja ukazaa tunda moja tu. Mbegu nilizokuwa nimezifungia koponi nikazisia zote, zikagoma kuota, zilishazeeka. Kwa ninavyojua, Siivi yote iliyobaki duniani imo ndani ya tunda lile.

"Mzee Semkiwa," likasema bakuli, "nimechoka kukaa tupu. Twende."

Nikalieleza kwamba sijavaa viatu. Likaniambia lenyewe halina hata miguu na halijamsumbua mtu. Nikaona lina hoja.

Nafungua mlango wa ukumbini, natokea bustanini. Ni mchana, jua linawaka. Ule mche wa nyuma ya jiko umekuwa mrefu kama mnara wa simu na umeegemezewa ngazi. Napanda. Juu kabisa, kwenye kiti cha uvivu, ameketi Siivi, mnene, kijani, kikonyo chake kichwani kama kofia. Anakohoa. Kikohozi ni cha mama, kile cha kusafisha koo kabla hajakugombeza. Nikajikuta navua kofia ambayo sikuwa nimeivaa.

"Nimeiva, sijaiva?" akaniuliza.

Nikamtazama mbele, nikamtazama nyuma. Kijani kitupu. Nikasema kwa macho siwezi kujua. Akauliza, kwani mama yangu alinifundisha nini? Hapo nikakumbuka, nikajibu kama mtoto wa madrasa: Siivi hatazamwi, Siivi anaulizwa kwa dole gumba. Unambonyeza taratibu karibu na kikonyo. Akiwa mgumu unamwacha, akikubali unamchuma. Nikanyoosha dole langu.

"Ngoja," akasema. "Kwanza tukuulize wewe."

Wakatokea nyanya wengine kwenye majani, wamepanga foleni, kila mmoja na dole gumba lake. Wa kwanza akanibonyeza shavu, akasema bado. Wa pili akasema bado, jiwe. Niliwaambia mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, ndevu zimeshaota mvi. Wakajibu kwamba rangi si kitu, walidhani mimi wa kwanza kulijua hilo. Kikafika kinyanya kidogo cha mwisho, kikanibonyeza, kikafuta dole kwenye shati langu, kikasema huyu hata kwa achari hafai. Iliniuma, maana kilisema kwa upole.

Hukumu ilitoka palepale: kilicho kigumu huvundikwa. Wakaniteremsha ngazi, na ngazi ikaishia stoo ya nyumbani kwangu. Wakanifukia kwenye pipa la sembe mpaka masikioni, kama tunavyovundika maparachichi, na ubavuni wakaniwekea chane ya ndizi mbivu ili waniivishe.

Wale ndizi ni wasemaji hasa. Wa pembeni akataka kujua nimeletwa kwa kosa gani. Nikasema nimesingiziwa ugumu, mimi nilikuwa natunza tu, na akiba haiozi. Alicheka mpaka ganda likamchanika.

"Zile za koponi ziliota ngapi?" akauliza.

Nikajitia kupiga chafya ya sembe.

"Na mnyauko ukirudi kwako, mbegu utamwomba nani?"

Nikatafuta jina. Nikapita mtaa mzima kichwani, nyumba kwa nyumba, na kila mlango nilioufikia nilijiona mimi mwenyewe nimesimama palepale siku za nyuma, nawaambia wenye nyumba mbegu hakuna. Hapakuwa na wa kumwomba. Nikaogopa, nasema kweli. Mama aliitembeza mbegu ile maisha yake yote kwenye pindo la kanga, ikavuka njaa na mafuriko, halafu ije ife mikononi mwangu kwa sababu napenda kuwa nayo peke yangu? Nikahisi mashavu yanalegea. Dole likapenya kwenye sembe, likanibonyeza.

"Ameiva," ikatangazwa.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa nimesahau kwamba kilichoiva hukatwa.

Kukatwa hakukuuma, ni kama kunyolewa. Nikajikuta ndani ya bilauri, maji yamenifika shingoni, na hapa sitii chumvi, yalikuwa shingoni kabisa. Ndivyo mbegu za nyanya zinavyofanywa: zinaachwa majini mpaka maji yavunde na kuota utando, ndipo ule ute uliozizunguka unaziachia. Basi nami navunda. Utando umenifunika kichwa kama shuka. Watu wanapita dirishani wananiamkia shikamoo huku wameziba pua, nami naitikia marahaba.

Tatizo ni kwamba naelea. Kila mwenye bustani anajua kuwa mbegu nzima huzama, na inayoelea ni pepe, ndani haina kitu, humwagwa. Najikaza nizame, wapi. Mara anaingia Bi Nyamizi na kijiko cha chai. Kazi yake ni kuopoa mapepe.

"Mzigua anaelea," akasema, wala hakushangaa. "Nilijua ndani hamna kitu."

Nikamwambia asubiri, mambo yamebadilika, mbegu nimekubali kumpa. Akauliza zipi. Hapo nikaharibu, kwa sababu ndotoni ulimi hauna kizuizi. Nikajisikia nikimwambia nimemtengea zile nyembamba za pembeni, zile nene nitapanda mwenyewe. Palepale nikapanda juu zaidi, magoti yakatoka nje ya maji. Kijiko kikaja.

Nikakitazama kile kijiko. Kutoka mbali, nyuma ya jiko, nikasikia mama anakohoa.

"Nyamizi," nikasema, "chukua zile nene."

Nikazama. Jamani, kuzama kutamu. Nilishuka mpaka chini, nikatua kitako kwenye bilauri, mzito, mzima, nacheka mapovu. Bakuli likapiga vigelegele mezani mpaka kanga ikalifunguka.

Wakanitoa, wakanianika kwenye ungo, kivulini, maana jua kali huua mbegu. Nageuka upande wa pili, ungo umekuwa uwanja na mtaa mzima umefika. Kila mtu ana bakuli lake, na mabakuli yote yamevaa kanga za sare. Siivi zinakatwa, zinanyunyiziwa chumvi, zinapitishwa. Watu wanauogopa ule ukijani, wanang'ata kidogo, wanafumba macho, wanasema kumbe. Nimo ndani ya kila bakuli, chembe chembe, na sijapungua hata kidogo. Bi Nyamizi anacheza katikati ya uwanja huku anautukana ukoo wangu mmoja mmoja, nami nafurahi mpaka machozi yananitoka.

Siivi akapita karibu yangu, akakohoa.

"Asubuhi usisahau kuniuliza," akasema.

Niliamshwa na Zuhura, anataka kujua nacheka nini. Kulikuwa kunapambazuka. Nilitoka peku mpaka nyuma ya jiko. Tunda lipo, kijani kama jana na juzi. Nikaweka dole karibu na kikonyo, nikabonyeza taratibu. Likakubali.

Nikalichuma. Nikalishusha bakuli kutoka juu ya kabati, nikalifuta vumbi, nikatia tunda ndani na kuvuka ua. Bi Nyamizi alikuwa anafagia. Alipotazama ndani ya bakuli akasema Wazigua wana laana, mtu anasubiri msimu mzima halafu analetewa nyanya mbichi. Nikamwambia asiitazame, aiulize kwa dole. Akabonyeza. Uso ukambadilika. Akaketi kizingitini, bakuli mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupata tusi.

Nikamweleza jinsi ya kuziloweka na kuzianika. Nikamwambia nyama ale yeye, mbegu ni zake, nene na nyembamba zote, na kwamba zikiota awape na wengine. Na mwakani mimi ndiye nitakayekuja kwake kuomba mche, na bakuli langu mkononi.

Alinitazama kwa muda kama anayetafuta pa kunishika. Kisha akanyoosha mkono, akanipangusa nyuma ya sikio, akakitazama kidole chake. Kilikuwa cheupe.

"Sembe," akasema. "Mtani, nani alikuvundika?"