Miaka Mitatu ya Maji

Malabika Biswas alikuwa na kazi ambayo mama yake hakuwahi kuielewa. Katika jengo la mipango mjini Dhaka, yeye na wenzake walikaa kuwaza mabaya: ni nini kinaweza kuiharibia nchi safari yake ya miaka hamsini au mia, na kifanywe nini kabla hakijafika. Majirani wa kijijini walipomuuliza mama huyo, bibi Kusumbala, binti yake anafanya nini huko mjini, alijibu bila kupepesa macho, "Analipwa kuogopa."

Kwa upande wa kusini-magharibi, baya lililowatisha zaidi lilikuwa tope. Mito ya kule ilizungushiwa matuta zamani, ili maji ya chumvi yasiingie mashambani. Mto ukanyimwa mahali pa kumwaga tope lake, ukalimwaga tumboni mwake mwenyewe, ukajaa mpaka ukawa juu kuliko mashamba. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Vijiji na miji midogo hukaa majini miezi kwa miezi. Dawa ilijulikana. Likatwe tuta mahali pamoja, bonde moja liachiwe mto, maji yaingie yakijaa na kutoka yakipwa, tope libaki humo. Bonde litainuka, mto utajichimba wenyewe, na nchi yote iliyo nyuma yake itapata kupumua. Ila bonde hilo halitalimwa mpaka kazi iishe.

Bonde lililochaguliwa liliitwa Kalmidanga, na Kalmidanga ndiko alikozaliwa Malabika.

"Wahandisi wamefukuzwa kwa mifagio mara mbili," mkuu wake, Rezaul Karim, alimwambia. "Nenda wewe. Wewe mtoto wao."

"Ndiyo maana sitaki kwenda, saheb."

"Na mimi ndiyo maana nakutuma."

Akaenda. Hakwenda kwa kulazimishwa tu; aliuamini mpango ule kwa moyo wake wote. Alikuwa ameona vitongoji vya juu ambako watoto husomea darasani wameninginiza miguu majini. Alijua kwamba hata Kalmidanga, iachwe ilivyo, itazama.

Mkutano ulifanyika uwanjani mwa shule. Kabla hajafungua mdomo, Haripada Mondol, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alipaza sauti, "Jamani, huyu si Bula? Bula aliyekuwa akiona ruba anapanda mti? Leo kaja kutufundisha habari za maji!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Malabika, aliyeitwa Bula utotoni, naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Kisha akaeleza. Alieleza vizuri, kwa lugha ya pale pale, akichora ardhini kwa kijiti. Watu walisikiliza, lakini nyuso zao hazikulegea.

"Miaka mingapi?" mama mmoja akauliza.

"Mitatu," alisema Malabika, "kama mifereji ya ndani itachimbwa kila kiangazi, ili tope lifike mpaka mwisho wa bonde. Na fidia ya mavuno mtapewa."

Neno "kama" halikutoka uwanjani pale. "Mitatu" lilifika kila jiko.

Hata hivyo watu walisita, wakaanza kunong'onezana, na mkutano ungevunjika kama asingesimama Nirapada, kaka yake. Nirapada alikuwa mtu wa maneno machache. Baba yao alipofariki ndiye aliyeacha shule akashika jembe, ili mdogo wake asiache. Shamba lake lilikuwa mwisho kabisa wa bonde, mbali na mto, na ndilo lililomlisha yeye, mkewe Sandhya, binti yao Tumpa na mama mzee.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. "Hajawahi kunidanganya hata juu ya embe. Akisema mitatu, ni mitatu. Mimi natoa shamba langu. Atakayepata hasara, aje anidai mimi."

Siku ya kulikata tuta, yeye ndiye aliyepiga jembe la kwanza. Maji ya kahawia yaliingia yakinguruma, na watoto wakakimbia kando yake wakipiga kelele kama siku ya sikukuu. Malabika alimshika kaka yake mkono. Wote wawili walikuwa wamelowa mpaka magotini.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Fidia ilikuja, mashine ya kuchimba mifereji ikaja, na tope likaanza kulala karibu na lango la maji, laini kama siagi. Mto nao ukachimbika. Ulipofika mwaka wa pili, vitongoji vya juu vilipita msimu wa mvua bila mafuriko, kwa mara ya kwanza tangu watu wakumbuke. Ofisini Dhaka walipeana peremende. Kwenye ramani ya ukutani, eneo lote lile lilibadilishwa rangi kutoka nyekundu kuwa kijani. Hatari imedhibitiwa.

Na hapo ndipo Kalmidanga iliposahauliwa. Hakuna mtu aliyekaa akasema, "Tuwasahau." Wilaya nyingine ilivunjikiwa na tuta kwa kimbunga, mashine ikapelekwa huko na haikurudi. Mhandisi aliyeijua kazi akahamishwa. Rezaul Karim akastaafu, na mrithi wake alikuja na mambo yake. Fidia ikachelewa, kisha ikakoma. Bila mifereji, tope lote liliishia langoni. Huko mbele ardhi ilipanda, na wenye mashamba ya huko wakaanza kupanda mpunga. Huku nyuma, alikokuwa Nirapada, yakabaki maji ya chumvi yaliyosimama.

Malabika alipigana. Aliandika, aliomba, alifuata wakubwa mpaka kwenye magari yao. "Dada Malabika," mkuu mpya alimwambia siku moja, kwa upole uliomuudhi kuliko tusi, "tumeokoa watu laki ngapi? Na waliobaki majini ni kaya ngapi? Mimi na wewe kazi yetu ni nchi."

"Hizo kaya ni nchi gani, saheb?"

Alimtazama kama anayemwonea huruma, akaendelea kusaini makaratasi yake.

Mwaka wa tatu ukapita, na wa nne, na wa tano. Kijijini, watu wa nyuma ya bonde walimkumbuka Nirapada, aliyewaambia waje wamdai. Hawakumpiga. Waliacha tu kumwita kwenye harusi. Haripada, aliyekuwa akivuta naye tumbaku kila jioni, alikuwa akimwona gulioni anageuza mtumbwi. Sandhya akienda kuteka maji ya kunywa, wanawake walinyamaza. "Wifi," alimwambia Malabika kwenye simu, "afadhali wangetutukana."

Nirapada mwenyewe hakulalamika. Kila Malabika alipompigia, aliuliza habari za kikohozi chake, na kama anakula vizuri.

Katika masika ya mwaka wa sita mama yao akafariki. Malabika alifika akiwa amesimama ndani ya mtumbwi, sari imemganda mwilini kwa mvua. Hapakuwa na nchi kavu ya kumchomea maiti kwa desturi yao ya Kihindu. Walimpeleka bibi Kusumbala kwa mtumbwi mpaka kwenye barabara ya lami, palipoinuka, na kuni zilikuwa za mfenesi wa uani, uliokuwa umekaukia pale pale kwa chumvi. Nirapada aliukata mwenyewe. Moto ulikataa, ukawashwa tena, ukakataa. Malori yalipita yakiwarushia matope. Majirani waliokuja walikuwa wachache kuliko vidole vya mkono, na Haripada hakuwamo.

Moto uliposhika hatimaye, Malabika alisema, "Kaka, nitukane. Nakuomba."

Nirapada alikuwa akiukoleza moto kwa samli. Hakugeuka. "Shika mwavuli vizuri," alisema. "Unalowa."

Baada ya miezi michache simu ya Nirapada haikupatikana tena. Malabika alikwenda kijijini akakuta kufuli mlangoni, na mrehani wa uani umekauka kwenye chungu chake. Wamevuka mpaka kwenda India, jirani mmoja alimwambia kupitia dirishani. Wameondoka alfajiri, hawakuaga mtu.

Ajabu ni kwamba mwaka uliofuata mashine ilirudi. Wafadhili wa kigeni walikuwa wanakuja kuangalia mradi, na ofisi haikutaka waone maji yaliyosimama. Mifereji ikachimbwa haraka haraka, tope likasafiri, na katika misimu miwili sehemu ya nyuma ya Kalmidanga ikainuka. Yote aliyoyasema uwanjani yalitimia. Wageni walipofika, Malabika ndiye aliyepewa kipaza sauti juu ya tuta, mpunga wa kijani umetanda mbele yake mpaka macho yanapokoma. Alisema sentensi mbili, akaishia hapo, akageuka kuangalia lilipokuwa shamba la kaka yake. Mkuu wake alimpokonya kipaza sauti akitabasamu, akawaambia wageni kwamba mama huyu amezaliwa hapa, ndiyo maana ana uchungu.

Aliomba likizo, akatafuta pasipoti yake, akavuka.

Alimpata Nirapada mjini Barasat, karibu na Kolkata, kwenye karakana ya viti vya henzirani, amechuchumaa sakafuni na vidole vimejaa mikato. Alikuwa amezeeka. Alipomwona aliinuka kwa shida, akasema, "Bula, mbona umekonda?" kisha akampeleka nyumbani.

Kilikuwa chumba kimoja. Sandhya alipika wali, dengu na samaki kwa mafuta ya haradali, akamwekea Malabika kipande kikubwa. Tumpa, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alisalimu kwa adabu kama anavyosalimiwa mgeni, akatoka. Malabika alisubiri mpaka sahani zikaondolewa.

"Rudini, kaka. Ardhi imepanda. Ni nyeusi, inang'aa. Nimeigusa mwenyewe."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Nilisimama mbele ya watu, Bula. Nilisema waje wanidai mimi." Alikuwa akijitazama vidole. "Haripada alifiwa na mjukuu wake mwaka ule wa tano. Maji machafu, kuhara. Nipite mlangoni pake vipi?"

"Kosa ni langu. Nilisema mitatu."

"Ulisema *kama*. Nilikusikia. Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Hukusema uongo. Nchi inaweza kungoja, na ikingoja inapata. Mimi nilikuwa na mama na mtoto ndani ya nyumba."

Malabika aliinamisha kichwa kwenye magoti ya kaka yake akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye mvi. Nirapada akamwekea mkono kichwani, lakini hakusema atarudi, na Malabika hakuomba tena.

Kesho yake asubuhi kaka yake alimsindikiza stesheni. Walisimama kwenye umati wa watu wa kwenda kazini, wauza chai wakipita katikati yao. Nirapada alikuwa akitazama reli. Kisha akauliza, "Shamba langu nani analima?"

"Mwana wa Haripada."

"Haya. Ni mchapakazi yule. Anapanda nini?"

"Mpunga wa kipupwe."

"Chumvi imetoka?"

"Imetoka yote."

"Ukiingiza mkono, tope linafika wapi?"

Malabika akamwonyesha kwenye mkono wake mwenyewe, juu ya kiwiko.

Nirapada alipatazama pale mahali. Akapagusa kwa kidole, polepole, kama anayepima. Akauziba mdomo wake kwa ncha ya shuka lake la mabegani, na pale pale, mbele ya watu wote, akalia.

Treni ya kwenda mpakani ikaingia. Umati ukamsukuma Malabika ndani, akabanwa dirishani katikati ya vikapu vya watu. Alipoweza kugeuza shingo, kaka yake alikuwa ameshaanza kuondoka, kwa sababu karakana hufunguliwa saa mbili na aliyechelewa hapewi kazi siku hiyo.